Kijana Akirudi Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na mjumbe wa Halmashauri ya Watoto



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya watoto wa mji huu wanaoshitakiwa, na hasa juu ya wale ambao hufunguliwa kisha, kabla mwaka haujaisha, huonekana tena kortini kwa kosa lile lile. Naishukuru kwa heshima hiyo. Tangu mwanzo napenda mjue kwamba sitasema sana juu ya watoto wenyewe. Nitasema zaidi juu ya nyumba zao, kwa kuwa nimekuja kuamini kwamba huko ndiko fedha za Chama chetu zinakohitajiwa, nako ndiko tusikozipeleka.

Mtu akisimama penye Globe, karibu na Mto Nairobi, atawaona watoto hao bila kuwatafuta. Kutoka hapo hadi Korti ya Watoto ya Milimani si mbali. Kutoka Milimani hadi Kawangware ni nauli moja ya matatu. Na kutoka Kawangware hadi shule ya kurekebisha tabia iliyoko Kabete, kwa mtu azijuaye njia za Kangemi, ni mwendo wa miguu. Basi kijana wa mitaa yetu ya magharibi aweza kutenda kosa, kuhukumiwa, kufunzwa na kurudi kwao, pasipo kulala hata usiku mmoja nje ya Nairobi. Hata hivyo nimewajua wazazi waliomaliza mwaka mzima bila kuuvuka umbali huo mara moja. Wengine waliona haya. Wengine walihesabu kibarua cha siku moja ambacho kingepotea, wakaona watoto wadogo waliobaki watalala njaa. Na wengine, nao ni wengi, walidhani kwamba mtoto sasa ni mali ya Serikali.

Nitatoa mfano mmoja. Sitamtaja kijana kwa jina, wala ploti yao, wala mwaka, maana yu hai na anafanya kazi, na watu wa Kawangware hujuana. Alikuwa na umri wa miaka 14 aliposhikwa mjini na vioo vya pembeni vya magari mawili ndani ya gunia la vyuma chakavu. Akapelekwa shule, akajifunza useremala, tena akajifunza vizuri. Kiti alichokitengeneza nimekikalia mimi mwenyewe. Siku ya kufunguliwa kwake Chama kilimpa jozi ya viatu, blanketi na msumeno. Ripoti ya mwaka ule, katika kijitabu kama hiki mlicho nacho mikononi, ilimhesabu miongoni mwa waliofaulu. Haikupita miezi minne akashikwa tena. Msumeno ulikuwa umeuzwa katika juma la kwanza.

Halmashauri ikanituma niende kwao. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na mwalimu ana maradhi yake: akiingia nyumbani mwa watu huliona darasa. Nilimkuta mama wa kijana ndiyo kwanza amerejea kutoka Lavington, anakofua nguo za watu, mikono imechakaa kwa sabuni, nami nikaanza kumhubiria juu ya malezi. Alinisikiliza kwa adabu hata nikamaliza. Kisha akasema, “Mwalimu, mlikaa na mtoto wangu miezi kumi na minane mkamfundisha kukata mbao. Hakuja hata mmoja wenu kuniuliza, akirudi atalala wapi.”

Nilikitazama chumba kile. Kilikuwa cha futi kumi kwa kumi, kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja mama na mumewe, ambaye si baba wa kijana. Upande wa pili wasichana watatu wadogo. Mvulana aliyebalehe hakuwa na pahali. Tangu zamani alikuwa akilala katika banda la kuonyeshea video, na hapo ndipo alipofundishwa bei ya kioo cha gari. Sisi tulikuwa tumempa blanketi, lakini hatukuuliza atalitandika wapi.

Bwana Mwenyekiti, kosa hili si letu peke yetu, wala si la jana. Kabete palikuwa na shule ya kuadibisha watoto tangu kabla ya vita vya 1914. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya watoto iliyoleta shule zile ambazo wazee waliopo hapa bado huziita “Approved”. Nje ya shule hizo, wavulana waliokutwa wakizurura mjini walichapwa viboko, au walipakiwa katika gari na kurudishwa kwao mashambani. Wengi walirudi Nairobi upesi, hata maofisa wa siku zile wenyewe wakalalamika kwamba safari hizo zimekuwa matembezi ya bure. Serikali ile ilijua kumpeleka mtoto mpaka katika wilaya yake. Haikumfikisha mpaka katika moyo wa baba yake, wala haikuuliza kama baba yake ana shamba la kumlisha. Baada ya Uhuru tulibadili majina na sheria. Mwaka 1973 Padre Arnold Grol alipoanzisha Chama cha Undugu kwa ajili ya wale waliokuwa wakiitwa “parking boys”, alikuta katikati ya mji vijana ambao hakuna amri ya korti iliyoweza kuwaweka mahali. Sheria ya uzururaji ikafutwa mwaka 1997. Ikaja Sheria ya Watoto ya 2001, kisha ile ya 2022, ambayo imepandisha umri wa mtoto kuweza kushitakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, imesema wazi kwamba mtoto asifungiwe ila kama njia ya mwisho kabisa, na kwa muda ulio mfupi iwezekanavyo.

Hayo yote ni mema. Lakini mtoto akifungiwa kwa muda mfupi, maana yake atarudi nyumbani mapema zaidi. Nyumba ikiwa ni ile ile, tumefupisha tu njia ya kuzunguka.

Sasa niseme juu ya jambo linaloitwa tiba ya jamaa. Neno “tiba” lisiwatishe. Hapana dawa wala hospitali. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa, ambaye huketi na kijana pamoja na wale anaoishi nao, nyumbani kwao, mara kwa mara kwa muda wa miezi kadhaa, akawasaidia kubadili namna wanavyosemezana na namna wanavyomwangalia kijana. Huko Marekani, katika jimbo la Utah, Bwana James Alexander na wenzake waliianza njia moja ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye Bwana Scott Henggeler akaanza nyingine, ambayo ndani yake mfanyakazi mmoja hupewa jamaa wanne hadi sita tu, huwatembelea nyumbani kwa miezi mitatu hadi mitano, na anaweza kuitwa saa yoyote ya usiku au mchana. Haishughulikii nyumba tu: huenda kwa mwalimu, kwa jirani, kwa rafiki wa kijana, popote palipo na uzi unaomvuta.

Njia hii ya pili ilipimwa katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, kwa vijana 176 waliokwisha kutenda makosa, na habari zake zikachapishwa mwaka 1995. Baada ya miaka minne, katika kila vijana 100 walioshauriwa mmoja mmoja peke yao, 71 walikuwa wamekamatwa tena. Katika kila 100 ambao jamaa zao walishughulikiwa, walikuwa 26. Nilipozisoma hesabu hizi kwa mara ya kwanza nilidhani tumepata ufunguo.

Lakini haifai kuwasomea ukurasa mmoja tu wa kitabu. Uingereza nao waliipima njia hiyo hiyo, kwa jamaa 684, na majibu yao yalitolewa mwaka 2018. Baada ya miezi 18, wale waliopata tiba hii hawakuwa bora kuliko wale waliopata msaada wa kawaida. Idadi ya vijana walioondolewa majumbani ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Wako waliosema kwamba msaada wa kawaida wa Uingereza ni mwingi na mzuri, hata hapakubaki nafasi kubwa ya kuuzidi. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, maana sisi twajua msaada wa kawaida wa Kawangware ulivyo. Ila hainipi ruhusa ya kuwaahidi kwamba 71 itakuwa 26 hapa kwetu. Atakayewaahidi hivyo, mwulizeni aliihesabia wapi.

Tena kuna jambo ambalo watu wa Missouri hawakulazimika kulifikiria kama sisi. Katika nyumba nyingi za mitaa hii, ofisa akipiga hodi amekuja kupeleleza. Kabla ya hukumu, korti huomba taarifa juu ya nyumba ya mtoto, na ofisa wa watoto au wa probesheni huja kuuliza: baba yuko wapi, kodi inalipwa, nani hunywa pombe. Ni wajibu wake, nami simlaumu, kwani ana mafaili mengi kuliko siku za mwezi. Lakini anayeulizwa huona kwamba kila neno analolisema litasomwa mbele ya hakimu. Basi huficha. Na baada ya hukumu, yule ofisa haonekani tena ila siku mtoto anapofunguliwa. Tiba ya jamaa haiwezi kuanza mpaka hofu hiyo imeondoka, na kwa hiyo naamini ni afadhali kazi hii ifanywe na chama kama chetu, ambacho hakina faili kortini, kuliko kuwaongezea maofisa.

Nirudi kwa yule kijana. Aliposhikwa mara ya pili tulimwendea mshauri mmoja aliyesomea kazi hii, binti mdogo kuliko wanangu, tukamwomba akae na jamaa ile. Baba wa kambo alipomwona aliniuliza kando, “Huyu mtoto atanifundisha nini?” Binti alisikia, wala hakujibu. Alimwita Mzee, akamsubiri akae kwanza ndipo naye akakaa.

Nilihudhuria vikao viwili vya mwanzo, nikajifunza zaidi kuliko nilivyojifunza katika mikutano ishirini. Hakuna aliyeulizwa habari za vioo. Binti aliuliza kila mmoja ni siku gani katika nyumba hii ilikuwa njema. Kimya kilikuwa kirefu. Mwishowe msichana wa pili akasema, siku ile kaka yake alipotengeneza mguu wa meza. Baba wa kambo akasema, “Ni kweli, aliutengeneza.” Mama aliniambia baadaye kwamba ni mwaka wa tatu hajamsikia mumewe akimsema kijana kwa wema, alikuwa hata hasemi naye, husema na mama tu: mwambie mtoto wako aondoe viatu vyake, mwambie mtoto wako chakula kimekwisha. Katika kikao cha pili binti alimwomba mzee amwambie kijana mwenyewe jambo moja tu analolitaka. Mzee alitaka kujua kijana yuko wapi usiku, kwa sababu polisi wakija mlango unaovunjwa ni wake. Kijana naye alitaka asiitwe mwizi mbele ya majirani. Mnaona kwamba hayo mawili hayapingani. Yalikuwa yamekaa katika chumba cha futi kumi miaka mitatu bila kukutana.

Mapatano yaliyofanywa yalikuwa madogo, hata mtu aliyezoea maazimio ya mikutano aweza kuyacheka. Mjomba wa kijana, ndugu wa mama anayeishi Kangemi, aliitwa, akakubali kijana alale kwake. Kila jioni atakula kwa mama yake, na ifikapo saa tatu za usiku awe Kangemi. Mjomba atampigia mama simu. Fundi wa mbao atakayemwajiri atajulikana kwa mzee, naye mzee mwenyewe atakwenda kumwona.

Likabaki jambo la ploti, ambalo kwangu mimi lilikuwa zito kuliko yote. Mwangalizi wa ploti alikuwa amesema waziwazi kwamba nguo moja ikipotea kambani, kijana atachomwa moto. Msidhani lilikuwa neno la hasira tu. Ninyi nyote mmepata kuona, au kusikia, kundi la watu na tairi. Mtoto aliyekwisha kuitwa mwizi hahitaji kuiba tena ili auawe. Yatosha apite mahali kitu kilipopotea. Kwa hiyo binti alimwendea mwangalizi yule, na mzee wa Nyumba Kumi, wakaketi pamoja na baba wa kambo, na yule aliyekuwa akisema “mtoto wako” akasema mbele yao, “Mkiwa na neno juu ya kijana wangu, nileteeni mimi.” Katika kazi hii yote, sijui jambo jingine tulilolifanya ambalo lilimlinda kijana yeyote kuliko maneno hayo.

Vikao vilikuwa kumi na moja. Kijana aliuacha useremala, jambo lililonisikitisha kwa sababu ya kile kiti, sasa anasukuma mkokoteni sokoni. Hajarudi Milimani.

Huyo ni mmoja, wala mmoja si hesabu. Tena yako majumba ambayo kijana au binti hapaswi kurudishwa kamwe, na mtu asitumie maneno yangu ya leo kumrudisha. Nimekutana na wasichana waliopitia Dagoretti ambao walikimbia nyumbani kwa sababu ya madhara waliyotendewa na mtu wa nyumba hiyo hiyo. Kumketisha msichana wa namna hiyo mbele ya aliyemdhuru, tukaita ni kikao cha jamaa, ni kumdhuru mara ya pili, na ni kulificha kosa la jinai chini ya mkeka wa mapatano. Kwa hiyo mshauri lazima amsikilize mtoto peke yake kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote kuitwa. Na neno “jamaa” lisieleweke kuwa ni baba na mama tu. Kwa msichana mmoja jamaa ilikuwa nyanya yake aliyeko Waithaka. Kwa mwingine, shangazi aliyekuwa hajaonana naye tangu utoto.

Wapo watakaosema kwamba haya si mageni, kwamba babu zetu waliketi na kusuluhisha pasipo kumwita mtaalamu. Ni kweli, na hata New Zealand, walipotunga sheria yao ya 1989 ya kuzipeleka kesi za vijana katika kikao cha jamaa, waliichukua njia hiyo kutoka kwa wenyeji wao Wamaori. Sheria yetu ya 2022 nayo imefungua mlango wa kuiondoa kesi ya mtoto kortini na kuipeleka katika njia kama hizo. Lakini tuseme kweli: katika vikao vya babu zetu mtoto hakuulizwa neno. Alisemwa. Nami nimeona vikao vya wazee mjini hapa ambavyo vilikwisha kwa kila mtu kumlaumu mama, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa akimlisha kijana. Kuketi tu hakutoshi.

Nimefika katika shauri lenyewe. Kila mwaka Chama hununua zawadi za siku ya wageni: sabuni, biskuti, soda, na vitu vya kuwapa watakaofunguliwa. Ni desturi nzuri na wafadhili huipenda, maana picha zake hutoka vizuri. Naomba fungu hilo lipunguzwe kwa nusu, na nusu hiyo igawanywe hivi. Kwanza, nauli ya wazazi, pamoja na posho ya kibarua kinachopotea, ili kila mzazi wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti aliye na mtoto shuleni aweze kumwona kila mwezi. Kwa miaka mingi wavulana wamekuwa wakipokewa Getathuru kisha hugawanywa, na wengine hupelekwa mbali, Wamumu au Othaya au hata Kakamega. Kwa wazazi hao nauli ni kubwa zaidi, nao wasiachwe. Pili, malipo ya mshauri mmoja, ambaye ataanza kazi na jamaa miezi mitatu kabla ya kijana kufunguliwa, wala asipewe jamaa zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Najua mtaona sita ni wachache. Mimi pia niliona hivyo, mpaka nilipohesabu saa ambazo binti yule alizitumia Kawangware usiku.

Tatu, jambo ambalo halina gharama: katika kijitabu hiki tuache kumwandika mtoto kuwa amefaulu siku ya kufunguliwa kwake. Tungoje mwaka mmoja, twende kwao, tuulize analala wapi, ndipo tuandike. Hesabu za mwakani zitaonekana mbaya kuliko za miaka yote iliyopita, na wafadhili watauliza sababu. Mimi niko tayari kuwajibu.

Hayo ndiyo niliyoagizwa kuyasema, Bwana Mwenyekiti. Hesabu ya nauli, kwa kila kituo, anayo Bwana Mweka Hazina, naye ataisoma baada ya chai.